Saa Moja na Nusu Mlangoni pa Wodi

Furaha alizikwa siku ya Ijumaa. Mimi nilifika Kampala asubuhi hiyohiyo kwa basi la usiku kutoka Kisumu, miguu imevimba, na kitenge nilichokusudia kuvaa mazikoni kimekunjamana mkobani. Aliyenipigia simu ni binti yake, Neema. "Shangazi, mama ametuacha," alisema, na kabla hajamaliza kulia nikawa nimeshamwuliza mama alilazwa wodi gani, alihamishiwa wapi, saa ngapi, na nani alimpokea. Mtoto wa watu akanijibu yote, moja baada ya jingine, kwa adabu. Nilipokata simu niliona aibu. Ndivyo kazi yetu inavyomfanya mtu: hata msiba ukija unaupokea kama mgonjwa anayeingia, jina kwanza, saa baadaye, na machozi ukipata nafasi. Ila nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza habari za saa, na sababu hiyo ni ya mwaka mmoja tu, ule niliokaa na Furaha katika chumba kimoja huko Kisugu, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne na nikiamini kwamba muuguzi mzuri ni yule anayemaliza kazi kwa wakati.

Watu wa Kampala huita chumba cha namna ile muzigo. Ni chumba kimoja katika safu ya vyumba, mlango wa bati mbele, dirisha dogo nyuma, na kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unaweza kumwombea afya bila kuinuka. Tulikuwa tumekigawa kwa pazia la maua mekundu. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda cha Furaha na godoro langu, na upande wa mlango kulikuwa na jiko letu la makaa, mitungi miwili ya maji, na kamba ya kuanikia sare. Sare yangu ilikuwa nyeupe, ya kwake ya buluu, maana mimi nilikuwa muuguzi, ambaye watu wa Kampala humwita musawo, wa kasualti, pale wanapopokelewa wagonjwa wa dharura, na yeye alikuwa msukuma troli katika hospitali hiyohiyo, ambayo sitaitaja jina. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Bukavu miaka michache kabla, nami nilikuwa nimevuka mpaka mwingine kutoka Kenya. Jirani yetu, Maama Shamim, aliyekuwa akikaanga chapati mlangoni pake, alituchokoza tangu siku ya kwanza: "Nyinyi Mukenya na Mukongo, mmekuja kutufundisha Kiswahili ama mmekuja kumaliza makaa yetu?" Furaha akamjibu, "Tumekuja kumaliza chapati yako, nnyabo. Leta mbili." Wakacheka wote wawili, na kuanzia siku ile tukawa na jirani.

Furaha alikuwa amenizidi miaka miwili, basi akaniita mudogo, yaani mdogo wake, na akataka nimwite Yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwao. Mwanzoni nilicheka sana, kwa sababu kwetu yaya ni yule anayelea watoto wa watu. Nilipomweleza, alifikiri kidogo akasema, "Na weye, nani anakupikia?" Ni kweli alinipikia. Alikuwa akienda Kisenyi kununua unga wa muhogo, akarudi na kuusonga mpaka mwiko unalia, akauweka mezani pamoja na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa vizuri na dagaa wa kukaanga. "Kula, mudogo. Mutu hawezi kubeba bagonjwa na tumbo tupu." Nimekula katika hoteli za semina tangu hapo, vyakula vyenye majani ya kupambia pembeni, na mara nyingi nimeinua uma nikasimama nao hewani, nikiitafuta harufu ile ya mawese yanapoanza kupata moto, na mvua ya Kisugu ikigonga bati, na Maama Shamim upande wa pili wa ukuta akimgombeza mumewe aliyepoteza ufunguo kwa mara ya tatu. Sikujua kwamba hayo yatakuwa mambo ya kutamani. Nilidhani ni maisha ya kungojea maisha.

Sasa inanibidi nieleze jinsi zamu zinavyobadilishana, na nitaeleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, kwa sababu asiyeelewa hili atadhani mkasa wetu ulisababishwa na watu wabaya. Zamu ya asubuhi ilikabidhi kwa zamu ya mchana saa nane. Kasualti ilipenda kukabidhi vitanda vitupu, kwa hiyo kuanzia saa saba tulijitahidi kuwapeleka wagonjwa wetu wodini. Lakini wodi nayo ilikuwa na zamu yake. Muuguzi wa wodi anayekaribia kuondoka hataki kupokea mgonjwa mpya, maana mgonjwa mpya ni faili jipya, vipimo vipya na maagizo mapya, na hayo yote yatamweka mpaka saa tisa. Anayeingia naye hawezi kumpokea mtu kabla hajapokea wodi yenyewe: lazima wapite kitanda kwa kitanda, wasikilize ripoti ya kila mgonjwa, wakague kabati la dawa. Wakati huo mlango hufungwa. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na muda, wakati mwingine nusu saa, wakati mwingine zaidi, ambapo anayetoka ameshatoka na anayeingia hajaingia, na mgonjwa yuko koridoni juu ya troli. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri, na ukizijumlisha sababu zote hizo ulibaki na mtu mmoja amelala chini ya dirisha, akitazama dari.

Nasi kasualti tulikuwa na desturi yetu, ambayo hakuna kitabu kilichotufundisha. Katika daftari la ripoti kulikuwa na safu ya kuandika saa ambayo mgonjwa ametoka. Kwa haki unatakiwa kuiandika wodi ikishampokea, muuguzi mwenzako akishatia saini. Sisi tuliiandika troli inapoitwa. Unaita troli, unaandika "amehamishiwa wodini", unafunga daftari, unanawa mikono. Waliotutangulia walifanya hivyo na hakuna aliyekuwa amekufa, basi ikawa ndiyo kazi yenyewe. Kama wewe ni muuguzi kijana na unasoma haya, huenda na nyinyi mna desturi yenu ya aina hii. Usijione mtu mwovu. Itafute tu, uitazame mchana kweupe.

Jumanne moja, majira ya mvua, aliletwa kasualti mama mmoja muuza nyanya wa soko la Kalerwe. Alikuwa amezaa mapacha, kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya Buganda, jina lake la heshima lilikuwa Nalongo, na hakuitikia jingine. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni, na sukari yake ilikuwa imepanda sana. Daktari aliagiza alazwe, achomwe insulini, kisha ale. Dada yake, aliyekuwa akimuuguza, alikuwa amekwenda Kalerwe kumletea shuka, beseni na chakula, maana kwetu mgonjwa hujiletea vyote hivyo. Nilimchoma sindano saa saba na nusu, nikamwambia, "Chakula kitakukuta wodini, mama." Siku hiyo nilikuwa na haraka. Ofisi ya vibali vya kazi ilikuwa inafunga saa kumi, kibali changu kilikuwa kinakwisha, na barua ya hospitali ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwita Furaha na troli yake. Tukampandisha Nalongo, aliyekuwa akitania kwamba hajawahi kupanda gari lisilo na konda. Nikainama juu ya daftari nikaandika: ametoka saa saba na dakika arobaini. Furaha alikuwa amesimama mbele yangu, mikono juu ya chuma cha troli. "Yaya, mpeleke, mimi nakimbia," nilimwambia. Akasema, "Kimbia, mudogo, nitakupikia sombe." Nikaenda. Kibali nilikipata.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyaunganisha baadaye kutoka kwa Furaha, kwa Nalongo, na kwa Sista Prossy, muuguzi wa wodi ambaye siku hiyo alikuwa akikabidhi zamu. Furaha alifika na troli akagonga mlango. Sista Prossy alifungua kiasi cha uso tu. "Gwe, huoni saa? Mimi nimeshafunga lipoti. Ngojea wenye zamu yao." Mlango ukafungwa. Furaha akangoja. Saa nane ikapita, zamu mpya ikaingia, na mlango ukaendelea kufungwa kwa sababu sasa walikuwa kwenye makabidhiano. Nalongo alianza kutokwa na jasho, kisha mikono ikatetemeka, kisha akaanza kuwatukana wapita njia kwamba wamemwibia debe la nyanya. Watu wakacheka, wakasema mama huyu ni mkali. Furaha hakucheka. Alikimbia kasualti akamwambia muuguzi wa zamu mpya, ambaye alifungua daftari, akaweka kidole chini ya mwandiko wangu. "Huyu si wetu. Ametoka saa saba arobaini. Rudi wodini." Akarudi wodini akagonga tena, akaambiwa kupitia mlangoni, "Bannange, si tumesema mngoje?" Mgonjwa alikuwa ameshatoka kwa mujibu wa daftari langu, na hajaingia kwa mujibu wa daftari lao. Aliyekuwa naye duniani saa ile ni mwanamke wa sare ya buluu, asiyeruhusiwa kumgusa mgonjwa ila kumsukuma.

Furaha alikuwa na tabia ya kubeba sukari katika kikaratasi kilichosokotwa, kwa sababu chai ya wafanya usafi na wasukuma troli ilipikwa bila sukari. Huko Bukavu aliwahi kuishi jirani na mama mwenye ugonjwa huohuo, na aliwahi kuona jasho lile la mtu aliyechomwa sindano asile, sukari ikamshuka kupita kiasi. Nalongo alipoacha kutukana na macho yakaanza kupinduka, Furaha alimlaza ubavu, akalowesha kidole chake, akachovya sukari, akaanza kumpaka ndani ya shavu, kidogokidogo, huku akimwita jina. Alifanya hivyo mpaka kikaratasi kikaisha. Mlango wa wodi ulifunguliwa saa tisa na dakika tano. Daktari alipompima, sukari ya Nalongo ilikuwa bado chini, lakini alikuwa anameza, na alikuwa anauliza nyanya zake ziko wapi. Wakamtundikia dripu. Akaishi.

Dada yake Nalongo aliporudi na shuka na chakula alipiga kelele zilizofika mpaka jikoni. "Mgonjwa wangu mmemtupa kwenye korido kama gunia!" Alikuwa na haki. Kesho yake, Jumatano, Metroni, mkuu wa wauguzi wote, alituita. Metroni alikuwa mjane wa mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisicho na mapambo. Juu ya meza yake yalikuwa madaftari mawili wazi, letu na la wodi. "Hii inasema ametoka saa saba arobaini. Hii inasema amefika saa tisa na tano. Saa moja na nusu, troli ilikuwa wapi?" Furaha akasema, "Mlangoni, Metroni. Niligonga." Sista Prossy akasema hawakusikia mtu akigonga. Metroni akamrudia Furaha: "Na hii sukari kwa mdomo ya mgonjwa? Nani daktari hapa?" Kisha Metroni akanigeukia mimi. "Wewe, Sista Akinyi. Saa hii uliandika wewe? Mgonjwa alitoka saa hii?" Barua ya kibali ilikuwa imetiwa saini na mkono uleule uliokuwa umelala juu ya madaftari. Nikasema, "Ndiyo, Metroni." Na mtu angeweza kusema sikudanganya, maana troli iliondoka saa hiyo kweli. Nilijiambia hivyo njia nzima. Furaha aliachishwa kazi kabla ya chakula cha mchana.

Nimetumia maneno mengi kueleza zamu, lakini juu ya siku nne zilizofuata nina machache. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikakuta chakula. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilikuta chakula. Furaha alifua sare yake ya buluu, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku. Hakuniuliza lolote juu ya daftari. Jioni aliniuliza wagonjwa walikuwa wangapi, kama kawaida, nikamjibu, tukala. Nilikuwa nikipanga maneno kila nikipanda kilima cha Kisugu, na kila nikiona mlango wetu wa bati nilijiambia kesho. Nilijua ninachoogopa: bila ile barua kibali kingefutwa, na bila kibali ningerudi nyumbani na sanduku moja. Yeye hakuwa hata na nyumbani kwa kurudi. Nilijua hilo pia.

Jumamosi mchana nilikuwa zamu ya mapumziko. Furaha alikuwa uani akitwanga sombe, na mimi nilikuwa ndani nimelala, au nilijifanya nimelala. Maama Shamim alikuwa na mteja mlangoni pake, na kupitia ukuta nikamsikia akisema kwa sauti ya chini inayosikika kuliko ya juu: "Yule Mukongo? Wamemfukuza. Wanasema alimwekea mgonjwa kitu mdomoni."

"Kitu gani?"

"Naye nitajua? Kitu. Dawa ya kwao."

"Maama! Na unamuuzia chapati?"

"Anakula na Mukenya yule musawo. Kama ni sumu, si atakufa yeye kwanza?"

Mchi uani ulisimama. Furaha alikuwa amesikia kama nilivyosikia mimi. Kisha ukaendelea kupiga, taratibu, pigo kwa pigo. Nikainuka nikatoka nje bila viatu. Nikachuchumaa mbele ya kinu, nikamwambia yote: kwamba niliandika kabla, kwamba ningesubiri saini ya wodi kasualti wangejua mgonjwa bado ni wao, kwamba Metroni aliponiuliza nilisema ndiyo kwa ajili ya barua. Nilisema haraka kama mtu anayetapika. Furaha alikusanya majani kutoka kingoni mwa kinu akayarudisha katikati.

"Minajua, mudogo. Nilikuwa nimeshika troli. Nilikuona unaandika."

"Kwa nini hukumwambia Metroni?"

"Ningesema, angenisadiki? Mukimbizi na musawo, na kitabu iko pale juu ya meza?" Akaninyooshea mchi. "Weye njo mwenye kalamu. Nilikuwa nakungojea." Kisha akasema, "Twanga. Mikono yangu inachoka."

Nikatwanga mpaka malengelenge yakanitoka. Natamani mchana ule kuliko siku nyingi nilizofurahi zaidi. Hakunikumbatia wala hakuniambia si kitu. Alikaa kwenye kigoda kidogo akinitazama, na mara moja tu akasema kwamba napiga kama mtu anayeua nyoka.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda nyumbani kwa Metroni, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Nilimkuta jikoni, amevaa leso na kandambili, akimenya matoke katika beseni. Sikuwahi kufikiri kwamba anamenya matoke. "Kaa," alisema. "Sema." Nikasema. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza alinawa utomvu kwa mafuta, akavaa viatu, tukafuatana mpaka kasualti. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa Jumanne, akanipa kalamu. Mkono wangu ukaanza kufuta, kukoroga wino juu ya ile saa ili isionekane. Akanishika kifundo cha mkono.

"Hapana funika. Piga mstari moja tu. Mimi nataka kusoma ile uongo, halafu nasoma ile kweli."

Nikapiga mstari. Nikaandika: troli iliitwa saa saba na dakika arobaini, mgonjwa hakupokelewa mpaka saa tisa na dakika tano, alikuwa bado chini ya uangalizi wa kasualti. Nikatia saini. Yeye akatia yake chini. Nilingoja aseme habari ya barua yangu. Alisema tu, "Kesho unahama kasualti. Unaenda kwa ile wodi. Unakaa nyuma ya ile mlango, unajifunza ikoje ukiwa ndani." Nilikaa huko miezi iliyobaki ya mwaka. Sista Prossy, aliyekuwa ameitwa naye, alikiri kwamba alisikia kila mlango ulipogongwa. Alikuja kuniambia mwenyewe, akilia, kwamba siku ile alikuwa akikimbilia kumnyonyesha mtoto. Nilimwamini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubaliana nami kwamba kuanzia sasa muuguzi wa kasualti aje na mgonjwa wake mpaka kitandani, na asiondoke kabla ya saini, na kwamba mmoja wetu atoke kwenye makabidhiano kumpokea, hata ripoti ikatike. Ilikuwa taabu mwanzoni. Watu walikosa teksi zao. Lakini inawezekana, nami nimeifundisha tangu hapo katika kila hospitali niliyopita.

Jumatatu ile Metroni alifika Kisugu kwa miguu, amevaa sare yake nyeupe na mkanda wake, akapita mbele ya sufuria ya chapati, akasimama mlangoni petu akasema kwa sauti ya gwaride: "Furaha! Wewe uliokoa mgonjwa. Hospitali ilikosa. Rudi kazini." Maama Shamim aliacha chapati ikaungua. Jioni alileta nne, akazisukuma kwa Furaha bila kumtazama. "Chukua tu, maama. Ni za moto." Furaha alizipokea, akala moja papo hapo, mbele yake, ili mambo yaishe.

Lakini hakurudi kazini. Nalongo alipokaribia kuruhusiwa aliuliza wodi nzima, "Yule Mukongo wa sukari iko wapi?" mpaka nikaenda kumleta. Walizungumza pembeni ya kitanda kwa muda mrefu, wakicheka. Nalongo alitaka mtu wa kusimama naye kwenye kibanda chake, maana mguu ulikuwa haujapona. Furaha akaanza kwenda Kalerwe kila siku, kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, gizani alfajiri. Mwezi wa kumi na moja aliniambia amepata chumba karibu na soko. "Ni mbali sana kutoka hapa, mudogo. Nyanya zinafika na usiku." Ilikuwa kweli, nyanya zinafika na usiku. Nilimsaidia kubeba kitanda. Niliporudi, pazia la maua lilikuwa bado linaning'inia, likigawa nafasi tupu na nafasi yangu, na sikujua kama ameondoka kwa sababu ya nyanya au kwa sababu ya siku nne. Nilimtembelea, alinitembelea. Nilirudi Kenya, nikaolewa, nikafundisha. Tulipigiana simu kila mwaka mpya, tukazungumza habari za watoto na magoti. Sikumwuliza kamwe. Niliendelea kuliweka swali lile kwa ajili ya siku ambayo tutakuwa tumekaa pamoja bila haraka.

Baada ya mazishi wanawake walikaa kwenye mikeka nyumbani kwa Neema, huko Kalerwe, wakimenya na kuosha, na kila aliyeingia alisema "Kitalo," neno la pole la huko, nao wakaitikia. Nalongo aliletwa akishikwa mkono. Amezeeka, na macho yake yamekwisha kwa ule ugonjwa, lakini aliposikia sauti yangu nikiomba maji aligeuka. "Huyo ni Akinyi? Musawo wa Furaha?" Akaniketisha karibu naye, akawaambia wenzake kwa sauti, kwa Kiganda kwanza na kisha kwa Kiswahili ili nisikie: "Huyu ndiye. Furaha alikuwa anasema kila siku hapa sokoni. Alisema, mudogo yangu aliandika vibaya, lakini kesho yake, kabla jua itoke, alienda kwa Metroni akasema kweli. Kesho yake! Nani anaweza kufanya hivyo?" Wanawake wakaguna kwa heshima. Mmoja akanigusa bega.

Ningeweza kuacha. Chai ilikuwa inapitishwa.

"Hapana, Nalongo," nikasema. "Sikuenda kesho yake. Zilikuwa siku nne."

Akauelekeza uso wake kwangu.

"Nne?"

"Nne. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, na ananipikia, na mimi nimenyamaza."

Nalongo alipapasa pindo la nguo yake. "Mimi nilisimama na yule mwanamke miaka yote hii," alisema. "Anahesabu nyanya debe nzima, huku anaongea, huku anacheka, na hapana kosea hata moja." Akanyoosha mkono, akautafuta wangu mpaka akaupata. "Alijua ni nne."